Bahasha Nyekundu: Historia ya Sinema Zilizokodishwa kwa Posta

Zipo kazi za wanadamu zifazo kwa kishindo, na zipo zizimikazo kimya kama taa iliyokwisha mafuta. Tarehe 29 Septemba 2023 kampuni ya Netflix ya Marekani ilitia posta bahasha yake nyekundu ya mwisho. Ndani yake mlikuwa na diski ya sinema iitwayo True Grit. Katika muda wa miaka 25 na ushei kampuni hiyo ilikuwa imewapelekea watu zaidi ya milioni 40 diski zaidi ya bilioni 5.2, zikienda kwa posta na kurudi kwa posta, na siku ile safari hizo zikakoma. Wako walioshangaa kusikia kuwa kazi hiyo ilikuwa ingali hai.

Mtu aweza kuuliza: jambo hili latuhusu nini? Biashara huzaliwa na kufa kila mwaka, na hakuna aziandikiaye tanzia. Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha insha hii. Wahenga walisema kuwa mafiga mawili hayaivishi chungu. Biashara ya kukodisha sinema kwa posta ilisimama juu ya mafiga matatu, na ajabu yake ni kuwa haikulichonga hata moja. La kwanza lilikuwa diski nyepesi, la pili lilikuwa posta ya umma, na la tatu lilikuwa sheria ya mali. Mawili ya kwanza yaonekana kwa macho, kwa hiyo watu huyataja. La tatu halionekani, na ndilo ambalo kupotea kwake kwapasa kutushughulisha sisi tupendao kazi za sanaa zidumu.

Kwa muda mrefu sinema ilikuwa kitu cha kuendewa. Mtu alitoka kwake, akanunua tikiti, akaketi gizani pamoja na watu asiowajua, na picha ilipokwisha alirudi nyumbani bila ya chochote ila kumbukumbu. Kanda za video zilipoingia majumbani katika miaka ya 1970, mambo yakapinduka, na sinema ikaanza kumwendea mtu. Lakini kanda zilikuwa ghali mno kwa watu wengi kununua. Mwaka 1977 George Atkinson alifungua mjini Los Angeles duka la kukodisha kanda, nalo huhesabiwa kuwa la kwanza la namna yake katika Marekani. Mwaka 1985 lilifunguliwa mjini Dallas duka la kwanza la Blockbuster, na duka hilo likazaa mengine hata hesabu yake katika mwaka 2004 ikapita 9,000.

Maduka hayo yalifanya kazi njema, walakini yalikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ilikuwa ufinyu. Ukuta una mwisho wake, na mwenye duka alipendelea kuujaza nakala nyingi za sinema mpya zilizotafutwa na wengi kuliko nakala moja moja za sinema za kale, ambazo pengine hukaa miezi mitatu pasipo mtu wa kuziuliza. Kasoro ya pili ilikuwa faini. Mtu aliyechelewa kurudisha kanda alitozwa kwa kila siku iliyopita, na faini hizo zikawa pato kubwa la maduka, lakini pia zikawa mwiba katika nyoyo za wateja. Hapana mtu apendaye kulipia usahaulifu wake.

Kabla ya kwenda mbele, yafaa tuulize jinsi mwenye duka alivyopata haki ya kukodisha kazi ya mtu mwingine. Mtengenezaji wa sinema ana hakimiliki, wala hapana aruhusiwaye kunakili kazi yake bila ya idhini. Jibu latoka mbali kidogo. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi kuhusu riwaya moja iliyochapishwa na onyo ndani yake kwamba ni marufuku kuiuza chini ya dola moja. Duka la Macy's liliiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema kuwa mchapishaji akishauza nakala, mamlaka yake juu ya nakala hiyo yamekwisha. Aliyeinunua ni mwenyewe, naye aweza kuiuza kwa bei aipendayo. Kanuni hiyo iliingizwa katika sheria zilizotungwa na bunge la nchi hiyo, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976 ikaieleza waziwazi: mwenye nakala halali aweza kuiuza au kuitoa mikononi mwake kwa namna nyingine bila ya kuomba ruhusa.

Kanuni hii ndiyo iliyozaa maktaba za vitabu na maduka ya kanda pia. Hata hivyo haikukosa maadui. Mwaka 1984 wenye kampuni za muziki walifaulu kulishawishi bunge lipige marufuku kukodisha santuri kwa ajili ya biashara, maana waliogopa kuwa watu watazikodi ili wazinakili. Mwaka 1990 programu za kompyuta nazo zikapewa kinga kama hiyo. Sinema hazikutiwa katika marufuku hiyo. Laiti zingalitiwa, bahasha nyekundu isingalipata kuonekana duniani.

Sasa tuje kwenye diski yenyewe. DVD iliingia katika soko la Marekani mwaka 1997. Ni kisahani cha plastiki chenye upana wa milimita 120 na unene wa milimita 1.2, na uzito wake hauzidi sana gramu 16. Kanda ya video ilikuwa kama tofali dogo, na gharama ya kuituma kwa posta kwenda na kurudi ingalimeza faida yote. Mwaka huohuo wa 1997 watu wawili wa California, Reed Hastings na Marc Randolph, walikuwa wakitafuta kitu cha kuuza kwa njia ya intaneti. Walipopata habari za diski mpya, swali likawa moja tu: je, itafika nzima? Hawakuwa na DVD ya kujaribia, kwa sababu zilikuwa bado adimu. Basi walinunua diski ya muziki mjini Santa Cruz, wakaitia katika bahasha ya kawaida, wakabandika stempu ya senti 32, wakaituma nyumbani kwa Hastings. Ikafika siku ya pili yake bila ya ufa.

Ipo hadithi nyingine iliyopendwa zaidi. Husemwa kuwa Hastings alitozwa faini ya dola 40 kwa kuchelewesha kanda ya Apollo 13, na kwa hasira hiyo akabuni biashara isiyo na faini. Hastings mwenyewe aliisimulia. Lakini Randolph, katika kitabu alichokitoa mwaka 2019, alieleza kuwa mambo hayakuanza hivyo, na kuwa hadithi ile ilipendwa kwa sababu iliwaeleza watu biashara yenyewe kwa maneno machache. Mwandishi wa historia hana haja ya kumcheka mtu kwa hili. Falme na koo nyingi zina hadithi za asili zao ambazo ukweli wake umo katika maana kuliko katika matukio. Lililo muhimu ni kuwa hadithi ya faini ilieleza kero iliyokuwako kweli, na bahasha ya kujaribia ilieleza njia ya kuiondoa.

Figa la pili lilikuwa posta. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kwenda posta na ufunguo wa sanduku lake, hana budi kuelezwa jinsi mambo yalivyo huko. Katika Marekani tarishi wa posta hupita nyumba kwa nyumba siku sita kwa juma. Huweka barua zilizokuja katika sanduku lililo mlangoni au kando ya njia, na huchukua zile zinazokwenda. Haya hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1863 gharama ya barua iliachwa kuhesabiwa kwa umbali, ikawa barua ya kwenda mtaa wa pili na barua ya kuvuka bara zima zalipiwa sawasawa. Mwaka huo pia ndio barua zilianza kupelekwa majumbani mijini bila ya malipo ya ziada. Mwaka 1896 huduma hiyo ilianza kujaribiwa mashambani, katika West Virginia, ili mkulima naye asilazimike kufunga farasi kwa ajili ya barua moja.

Kwa hiyo kampuni changa ya mwaka 1998 haikuwa na haja ya kununua gari hata moja. Njia zilikuwa zimekwisha tengenezwa kwa zaidi ya karne nzima, na fedha na jasho la umma. Diski pamoja na bahasha yake haikuzidi uzito wa barua ya kawaida, basi ilisafiri kama barua. Mchunga ng'ombe wa Montana, ambaye duka la sinema lilikuwa mbali naye mwendo wa saa nyingi, alipata diski ileile aliyoipata karani wa New York, na kwa ada ileile. Mimi naona kuwa jambo hili lastahili sifa kuliko ubunifu wa mtu yeyote mmoja.

Kazi ilianza rasmi tarehe 14 Aprili 1998 katika mji mdogo wa Scotts Valley. Watumishi walikuwa kiasi cha 30. Ofisi yao iliwahi kuwa benki, na chumba cha kuhifadhia fedha kiligeuzwa ghala la diski. Majina ya sinema waliyokuwa nayo yalikuwa 925, ambayo yalikuwa karibu DVD zote zilizopatikana wakati huo. Siku ya kwanza maagizo yalikuja kwa wingi hata kompyuta zao zikazidiwa. Mwanzoni waliuza diski na kuzikodisha pia, na pato kubwa lilitokana na kuuza. Lakini walitambua kuwa wauzaji wakubwa wangewameza, wakaiacha njia iliyowalisha wakashika ile iliyokuwa bado haijawalisha. Hata hivyo kukodisha diski moja moja hakukufaulu sana, kwa sababu mtu ahitajiye sinema usiku huu hataki kuingoja siku tatu.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1999. Badala ya kumlipisha mteja kwa kila diski, walimtoza ada ya mwezi na kumwacha akae na diski muda aupendao. Diski mpya haikuja mpaka ya zamani irudi. Kwa kanuni hii ndogo faini ilikosa kazi, kwa kuwa uvivu wa mteja ulijiadhibu wenyewe. Kufikia mwaka 2002 ada ya kawaida ilikuwa dola 19.95 kwa mwezi, na mteja aliweza kuwa na diski tatu nyumbani kwa wakati mmoja. Kungoja nako kukageuka kuwa jambo jema. Diski moja ikiwa njiani, nyingine mbili zilikuwa juu ya meza, na mtu hakukosa la kutazama.

Na sasa tuifuate diski moja katika safari yake. Mteja alifungua tovuti ya kampuni akapanga orodha ya sinema azitakazo, ya kwanza juu na ya mwisho chini, kama watu wasimamavyo katika foleni. Kompyuta ilitazama sinema iliyo mbele katika foleni hiyo na kutafuta nakala yake katika ghala lililo karibu naye. Diski ilitiwa katika kifuko chembamba chenye jina la sinema na alama ya mistari isomwayo na mashine, kisha kifuko kikatiwa katika bahasha nyekundu. Bahasha hiyo ilifikiwa baada ya majaribio mengi. Yalijaribiwa makaratasi magumu, ikajaribiwa plastiki, mpaka ikapatikana karatasi nyepesi isiyogharimu sana na isiyoacha diski ivunjike. Werevu wake ulikuwa huu: mteja alipochana kipande cha juu, bahasha iliyomletea diski ikawa bahasha ya kuirudisha, yenye anwani ya ghala na gharama iliyokwisha lipwa. Hakutafuta stempu wala hakuandika neno. Alibandika ukingo, akaitia katika sanduku la barua, basi.

Ghalani kazi ilianza kabla ya jua kuchomoza. Bahasha zilizorudi zilichukuliwa posta, wafanyakazi wakazifungua kwa mikono, wakatazama kama diski ni ileile iliyoandikwa juu ya kifuko, kama imepasuka, kama ina mikwaruzo au uchafu. Katika miaka ya baadaye mashine zilichukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Alama ya mistari iliposomwa, kompyuta ilijua kuwa mteja fulani amerudisha, na papo hapo ikamchagulia sinema iliyofuata katika foleni yake. Aghalabu diski iliyotafutwa na wengi haikurudi katika rafu hata kidogo. Ilitoka mkononi mwa mteja mmoja asubuhi ikaelekea kwa mwingine siku hiyohiyo. Wahenga walisema kuwa mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Hapa daftari lilikuwa bora kuliko ghala lenyewe, maana sehemu kubwa ya mali ilikuwa siku zote njiani au majumbani mwa watu, na bado kila diski ilijulikana ilipo.

Mwanzoni diski zote zilitoka sehemu moja ya California, na watu wa pwani ya mashariki walingoja siku nyingi. Mwaka 2002 kampuni ilianza kusambaza maghala katika sehemu nyingine za nchi, hata baadaye yakapita 50, na wateja wengi wakawa wakipata diski siku moja tu baada ya kutumwa. Majengo hayo hayakuwa na kibao mlangoni. Mtu angeweza kupita kando yake kila siku asijue kuwa ndani mna maelfu ya sinema.

Sifa hizi zisitufanye tufumbe macho tusione aibu zilizokuwamo. Ada ya mwezi ina kishawishi ndani yake: mteja atazamaye kidogo ni faida, na mteja atazamaye sana ni hasara, kwa kuwa kila safari ina gharama ya posta. Mwaka 2004 kampuni ilishtakiwa kuwa iliwacheleweshea diski wale waliokodi nyingi, ilhali iliwatangazia kukodi bila ya kikomo. Kesi ilimalizika kwa suluhu, na masharti ya kampuni yakaandikwa upya yakikiri kuwa wenye kukodi kidogo waweza kutangulizwa. Posta nayo ilikuwa na malalamiko yake. Mwaka 2007 mkaguzi wake alieleza kuwa bahasha nyingi zilizorudi zilikwama katika mashine, zikalazimu kushughulikiwa kwa mikono, na kuwa kazi hiyo iliongeza gharama ya dola milioni 41.9 katika miaka miwili. Kampuni ya GameFly, iliyokodisha michezo ya video kwa posta, ikaja juu. Ililalamika mwaka 2009 kuwa mteja mkubwa alihudumiwa kwa mikono bure, hali yeye mdogo alilazimika kulipa zaidi ili diski zake zisivunjike. Mwaka 2013 mahakama ya rufani iliona kuwa malalamiko hayo yana msingi. Mali ya umma ikitumiwa na mwenye nguvu, yafaa kila mara kuuliza nani alipaye tofauti.

Wapinzani nao hawakukosekana. Kwa masimulizi ya waanzilishi wenyewe, mwaka 2000 walikwenda Dallas kuwaomba wakubwa wa Blockbuster wainunue kampuni yao kwa dola milioni 50, wakakataliwa. Mdharau mwiba mguu huota tende. Blockbuster ilianza huduma yake ya posta mwaka 2004 na kuacha faini zake za kawaida mwaka 2005, lakini ilikuwa imechelewa na ilikuwa imelemewa na madeni. Septemba 2010 iliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika.

Lakini utajiri mkubwa wa bahasha nyekundu haukuwa katika kumshinda mpinzani. Ulikuwa katika orodha. Ghala halina ukuta wa kupendezesha, na nakala chache za sinema ya kale ziliweza kuwahudumia watu wa nchi nzima. Sinema ambayo katika kila mji ina mtu mmoja tu aitakaye haikuweza kukaa katika duka la mji wowote; lakini watu hao wakikusanywa kutoka miji elfu, huwa ni watu elfu. Ndiyo sababu orodha ilipanda kutoka majina 925 hata ikapita majina 100,000. Humo mlikuwa na sinema za Japani na za Uhindi, picha za habari za kweli, na kazi za zamani zilizosahauliwa na kila mtu isipokuwa wachache. Ili kuwaongoza watu katika msitu huo, kampuni iliwaomba wateja wazipe sinema alama, ikatumia alama hizo kupendekeza nyingine. Mwaka 2006 ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha makadirio hayo kwa asilimia 10, na mwaka 2009 kundi la wataalamu likaitwaa. Hata hapo palikuwa na funzo. Alama zilitolewa hadharani bila ya majina, lakini wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kuwa baadhi ya watu waweza kutambulika kwa yale waliyoyatazama. Mashtaka yakafuata, na mwaka 2010 shindano la pili likafutwa.

Mwezi Februari 2007 diski ya bilioni moja ilipelekwa. Mwezi uliotangulia kampuni hiyohiyo ilikuwa imeanza kuwaonyesha wateja sinema moja kwa moja kwa njia ya intaneti, bila ya diski, bila ya bahasha, bila ya tarishi. Hivyo muuaji na mwuawa walilelewa katika nyumba moja. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu waliipenda njia mpya kwa wepesi wake, na mwenye kuilaumu kwa hilo hana haki. Mwaka 2011 kampuni ilipandisha bei kwa kutenganisha huduma mbili, kisha Septemba ikatangaza kuipeleka kazi ya diski chini ya jina jipya la Qwikster. Wateja walikasirika, mpango ukaachwa kabla mwezi haujaisha, na katika robo ile ya mwaka waliojitoa walizidi walioingia kwa watu 800,000 katika Marekani. Tangu hapo kazi ya diski ilikuwa kama mzee aliyeachiwa chumba cha uani.

Na hapa ndipo figa la tatu linapojionyesha. Diski iliyonunuliwa ni mali ya aliyeinunua, na kwa sheria niliyoitaja aweza kuikodisha mwaka hadi mwaka pasipo kumwuliza mtu. Mtengenezaji akikataa kumwuzia, aweza kwenda dukani akainunua kama mtu mwingine yeyote. Lakini sinema ioneshwayo kwa intaneti haina nakala ya kumilikiwa. Lazima ipatikane leseni, na leseni ina muda na ina bei, na mwenye kuitoa aweza kuinyima. Mwaka 2008 Netflix ilipatana na kampuni ya Starz, ikapata haki ya kuonyesha kiasi cha sinema 2,500 kwa intaneti. Mapatano hayo yalikwisha mwishoni mwa Februari 2012 bila ya kufanywa upya, na sinema zilizotoka Starz zikatoweka katika orodha ya intaneti. Hakuna aliyezichoma wala kuzipoteza. Muda wa karatasi ulikwisha, basi. Lakini nakala za diski zilizokuwa ghalani hazikujua habari ya karatasi hiyo. Mteja wa bahasha nyekundu aliweza kuziagiza kesho yake kama alivyoziagiza jana.

Mtu aweza kunipinga akisema kuwa mteja hakumiliki kitu katika njia zote mbili. Ni kweli, na nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini ipo tofauti kati ya kuazima kwa mwenye mali na kuazima kwa mtu ambaye naye ameazima. Wa kwanza akikuahidi, ahadi yake yamtegemea yeye. Wa pili akikuahidi, ahadi yake yategemea mtu wa tatu usiyemjua, ambaye hukupatana naye lolote, na ambaye hana deni kwako.

Ghala lilipofungwa mwaka 2023, wateja waliokuwa na diski nyumbani waliruhusiwa kubaki nazo, na wengine waliojiandikisha walipelekewa diski za ziada bila ya malipo kama mkono wa buriani. Hivyo nakala zilisambaa katika nyumba za watu, na huenda huko zikakaa miaka mingi. Zawadi hiyo ilikuwa ya ukarimu, walakini orodha ilivunjika. Diski iliyo katika kabati la mtu mmoja yamfaa yeye na rafiki zake. Haimfai tena mgeni wa mji wa mbali aitafutaye kwa jina. Mjini Seattle duka moja la kale la video, Scarecrow, lilikuwa limegeuzwa mwaka 2014 kuwa shirika lisilotafuta faida ili sinema zake, zinazozidi majina 100,000, zisitawanyike namna hiyo, na baadaye likaanza lenyewe kukodisha diski kwa posta. Waliofanya hivyo walitambua kuwa ukusanyaji ni kazi ya miaka, na utawanyaji ni kazi ya alasiri moja.

Huku kwetu bahasha nyekundu haikufika. Huduma ya posta ya Netflix haikutoka kamwe nje ya Marekani. Kilichotufikia ni ile ya intaneti, Januari 2016, ilipofunguliwa kwa mara moja katika nchi zaidi ya 130, Kenya na Tanzania zikiwamo. Maana yake ni kuwa watazamaji wetu waliingia katika nyumba hiyo kwa mlango wa leseni, wala hawakupata kujua kuwa zamani ulikuwako mlango wa mali. Mtu asiyejua kilichokuwapo hawezi kukiulizia.

Sisemi turudi kwenye bahasha. Wakati haurudi nyuma, na tarishi hawezi kushindana na umeme. Nasema tu kwamba urahisi na kudumu ni mambo mawili, na kwamba tulipopewa la kwanza hatukuulizwa kama tuko radhi kulipoteza la pili. Vitabu vyetu, santuri zetu na sinema zetu wenyewe, ambazo ni chache na hazina wateja milioni 40 wa kuzikumbuka, zinahitaji mahali ambapo nakala yake ni mali ya mahali hapo, imeandikwa katika daftari, na yaweza kuazimwa na mtu asiye na jina kubwa. Mahali hapo huitwa maktaba. Netflix, kwa ajili ya faida yake, ilijenga maktaba kubwa kupita kiasi bila ya kuiita hivyo. Na kwa kuwa haikuitwa hivyo, siku ilipofungwa hapana aliyeona kuwa ana wajibu wa kuirithi.